UZI: Kanuni za kijiwe kwenye michezo ya kuigiza mezani. Ukigusa hapa, kinavunjika nini kule?

#1 FrasilaMbili (Lindi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wale wanaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ya dadu, karatasi ya mhusika na msimamizi, na wanataka kuirekebisha iendane na pwani yetu ya kusini bila kuivuruga. Msingi ni toleo la tano la Dungeons & Dragons. Wengi wameshaligusa, na hati yake ya kanuni za msingi, SRD 5.1, ilitolewa mwaka 2023 kwa leseni ya Creative Commons CC-BY-4.0. Maana yake unaruhusiwa kuitafsiri, kuibadili, kuichapa, hata kuiuza, mradi utaje ilikotoka. Kilichomo kwenye vitabu vya dukani lakini hakimo kwenye hati hiyo, usikichape.

Ili tuelewane: Kinga ni ile namba adui anayotakiwa kuifikia ili akupige. Faida ni kurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua kubwa, hasara ni kuchukua ndogo. Mengine yanajieleza.

Naanza na mzigo, kwa sababu hapo badiliko dogo linazaa mchezo mkubwa. Hati inahesabu kwa ratili: mhusika anabeba ratili 15 kwa kila pointi ya Nguvu. Hakuna anayekaa kujumlisha ratili, kwa hiyo meza nyingi zinaiacha kanuni hiyo ife. Hesabu kwa frasila. Frasila moja ni kama ratili 35, kilo 16 hivi. Nguvu 14 mara 15 ni ratili 210, yaani frasila 6 kamili. Kwenye kanuni ya hiari ya mzigo, mwendo unaanza kupungua ukizidi Nguvu mara 5, na ukizidi mara 10 unalemewa kabisa na kupata hasara kwenye mapigo. Kwa Nguvu 14 hizo ni frasila 2 na frasila 4. Na frasila 2 si namba ya kubuni: mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alibeba ratili 60 hadi 70 hivi.

Kwa hiyo andikeni hivi juu ya karatasi:

Nguvu 8–11: frasila 1½ / 3 / 4½
Nguvu 12–15: 2 / 4 / 6
Nguvu 16–19: 2½ / 5 / 7½

Namba ya kwanza ni mwendo huru, ya pili ni mwisho kabla ya kulemewa, ya tatu ni mwisho wa kubeba. Deraya ya minyororo (ratili 55) ihesabiwe frasila 1½. Vitu vidogo kama kisu, kamba fupi, taa na kibuyu kitupu, kila vitano ni robo.

Sasa maji. Hati inataka galoni 1 kwa siku, na 2 kukiwa na joto. Galoni 2 ni lita 7.6, karibu sana na nusu frasila. Askari wa Nguvu 15 mwenye deraya ya minyororo amebakiwa na nafasi ya maji ya siku moja tu kabla hajaanza kuburuza miguu. Hapo ndipo wachezaji wanapoanza kuuliza kisima kiko wapi, na ramani inapata maana bila msimamizi kuhubiri.

#2 Kisoda (Mtwara)

Mkuu, safi. Swali la mwanzo kabisa: dadu ya 20 tunaitoa wapi? Huku dadu ni za ludo tu, za pande 6.

#3 Bi_Kete (Mikindani)

Karata zinatosha. Toa J, Q na K, zinabaki 40. Kopa na uru ni 1 hadi 10, ree ikiwa 1. Shupaza na pau ni 11 hadi 20. Kila namba inatokea mara mbili kwenye 40, kwa hiyo uwezekano ni ule ule wa dadu ya 20: asilimia 5 kwa kila namba.

Kinachoharibika: karata zina kumbukumbu, dadu haina. Zikitoka ndogo nyingi mfululizo, zilizobaki ni kubwa, na mchezaji mjanja atahifadhi pigo lake hadi hapo. Dawa yake ni jokari. Gawa zile 40 mara mbili, changanya jokari kwenye nusu ya chini, weka nusu ya juu juu yake. Jokari akitoka, changanya zote upya kisha vuta tena. Hakuna atakayejua amebakiza ngapi.

Faida na hasara: vuta mbili kwa pamoja. Kwa dadu, uwezekano wa kupata angalau 20 moja ukiwa na faida ni asilimia 9.75. Kwa karata mbili kutoka rundo zima ni 9.87. Tofauti hiyo haifai hata kuigombania.

Dadu nyingine:
– ya 4: sarafu 2. Upande wa mnyama ni 0, wa sura ya mtu ni 1. Sarafu ya kwanza ina uzito wa 2, ya pili uzito wa 1. Jumlisha, ongeza 1.
– ya 8: sarafu 3, uzito 4, 2 na 1. Ongeza 1.
– ya 12: dadu ya ludo na sarafu. Ikitokea sura, ongeza 6.
– ya 10: karata ile ile, usiangalie rangi.

Tumieni sarafu za thamani tofauti, mfano 200, 100 na 50, ili ijulikane ipi ina uzito upi. Zikiwa zinafanana watu wanaanza kuchagua baada ya kurusha.

#4 Kisoda

Asante dada. Na dadu za ludo zenyewe ni za kuaminika?

#5 Bi_Kete

Zijaribu. Maji ya moto robo lita, chumvi gramu 80 hadi 90, koroga hadi iyeyuke, acha yapoe. Dadu nyingi za plastiki zitaelea. Ibonye izame, iache ipande, rudia mara 20. Uso ule ule ukija juu karibu kila mara, dadu ina upande mzito, itupe. Isipoelea kabisa jaribio halikuambii kitu, nzito tu.

Za kuchonga kwa mpingo ni nzuri kwa macho lakini mpingo unazama, hivyo jaribio hili halifai. Tatizo lake jingine ni mashimo ya namba: uso wa 6 umechimbwa zaidi ya uso wa 1 ulio kinyume chake, upande wa 1 unabaki mzito na kulala chini. Mwambie fundi achimbe mashimo madogo yasiyozidi kina cha milimita 1, au achore kwa rangi asichimbe.

#6 MpingoMweusi (Newala)

Mnajisumbua na karata. Tupeni dadu ya 20, wekeni dadu 3 za ludo mjumlishe. Wastani ni ule ule, 10.5. Na matokeo yanakuwa na akili: mtaalamu hakosi kizembe, mjinga habahatishi kila mara. Dadu ya 20 ni bahati nasibu.

#7 FrasilaMbili

Mkuu wangu, wastani ni ule ule lakini kilichobaki si kile kile. Tazama jini mdogo wa kawaida kwenye hati, goblin: anapiga kwa +4, yaani anaongeza 4 kwenye dadu.

Dhidi ya askari wa Kinga 18 (minyororo na ngao) anahitaji 14. Kwa dadu ya 20 ni asilimia 35. Kwa dadu 3 za 6 ni 16.2.

Dhidi ya mwanachuoni (wizard, mfanya uganga) wa Kinga 12 anahitaji 8. Kwa dadu ya 20 ni 65. Kwa dadu 3 ni 83.8.

Yaani aliyevaa chuma amekuwa ngome na asiyevaa amekuwa tui la nazi. Hujagusa silaha wala deraya, umebadili dadu tu. Ngao ya +2 iliyokuwa inapunguza mapigo kutoka 45 hadi 35, sasa inapunguza kutoka 37.5 hadi 16.2. Kila mtu atanunua ngao. Na pigo kuu (dadu ikitoa 20 yenyewe) lililokuwa asilimia 5 sasa linahitaji 18, ambayo ni mara 1 kati ya 216.

#8 MpingoMweusi

Hilo linarekebishika, sijasema uache kila kitu kama kilivyo. Matokeo ya dadu 3 yamebanana katikati, kwa hiyo kila +1 ina uzito karibu mara mbili ya ilivyokuwa. Basi gawa kwa mbili kila kinachojumlishwa.

Kinga: chukua kinachozidi 10, gawa kwa 2. Kinga 18 inakuwa 14. Kinga 12 inakuwa 11. Nyongeza ya pigo +4 inakuwa +2. Nusu ikibaki, pandisha pande zote mbili, ya mpigaji na ya mpigwaji. Ujuzi unaoanzia +2 hadi +6 unakuwa +1 hadi +3.

Sasa jini wako dhidi ya askari anahitaji 12: asilimia 37.5, ulikuwa na 35. Dhidi ya mwanachuoni anahitaji 9: asilimia 74, ulikuwa na 65. Haitoki sawasawa, lakini si ile 83.8 ya kutisha watu.

Pigo kuu liwe 16 na kuendelea, asilimia 4.63. Mwenye uwezo wa pigo kuu kwa 19–20 aanzie 15, asilimia 9.26. Faida: rusha dadu 4, tupa ndogo kuliko zote. Hasara: tupa kubwa. Madhara ya silaha usiyaguse, hayo hayajabadilika.

#9 Bi_Kete

Hapo kwenye faida weka tahadhari. Dadu 4 ukitupa ndogo, uwezekano wa kufika 16 ni kama asilimia 13. Kwa dadu mbili za 20, pigo kuu lilikuwa 9.75. Jambazi wa kuvizia, ambaye anategemea faida kila zamu, atakuwa na pigo kuu mara nyingi kuliko alivyokusudiwa. Kwa anayepiga na faida, pigo kuu lianzie 17. Itashuka chini ya ilivyokuwa, kama asilimia 6, lakini ni heri huko kuliko mtu mmoja kumaliza pambano peke yake.

Na kazi yote hiyo ya kugawa kila adui kwa mbili ni ya msimamizi, kila siku ya mchezo. Karata 40 hazimtumi mtu kazi.

#10 MpingoMweusi

Akigawa mara moja akaandika pembeni ya karatasi, kwisha. Lakini nakubali: ambaye hatagawa, abaki na karata. Nusu nusu ndiyo mbaya.

#11 Kisoda

Kuna njia ya mtu mwenye dadu mbili tu na wachezaji wapya wasiotaka namba nyingi?

#12 Bi_Kete

Ipo, na ni mfumo tofauti, si marekebisho. Dadu 2 za 6 ukiongeza uwezo wako. 10 na zaidi: umefanikiwa. 7 hadi 9: umefanikiwa lakini unalipa kitu. 6 kushuka: msimamizi anakushika. Bila nyongeza, mafanikio kamili ni asilimia 16.7, ya kulipa 41.7, ya kushikwa 41.7. Ukiwa na +2 inageuka: kamili 41.7, ya kulipa 41.7, ya kushikwa 16.7. Angalieni ukubwa wa +2 hapo. Usiruhusu nyongeza ipite +3 kwa hali yoyote, hata ya silaha ya ajabu. Ikifika +5, anayeshikwa ni asilimia 0, na mchezo umekufa.

Usichanganye mfumo huu na adui wa hati. Huku adui harushi dadu, madhara yake yanatokana na wewe kushindwa.

#13 Tangambili (Kilwa Masoko)

Ngoja nami niguse bahari, maana pwani bila bahari ni porojo.

Hati inasema chombo cha matanga kinakwenda maili 2 kwa saa. Usiku na mchana ni kama kilomita 77, na inakuwa hivyo Januari, inakuwa hivyo Julai, kwenda au kurudi. Jahazi lenye upepo wa nyuma linapita zaidi ya mara mbili ya hapo, na lenye upepo wa mbele halifiki. Kwa hiyo kanuni haikosei kasi tu, inafuta sababu ya mji kama Kilwa kuwepo. Kilwa Kisiwani ilikaa mahali ambapo chombo cha kutoka Arabuni kiliweza kufika kwa kaskazi ya msimu mmoja, na dhahabu ya Sofala ikaletwa hapo. Ukifuta upepo, mfanyabiashara hana haja ya kusubiri mjini, na asiposubiri hakuna njama, deni, ndoa wala fitina. Hizo zote ni visa vya mchezo.

Weka hivi. Kaskazi: Desemba hadi Machi, kinasukuma kwenda kusini. Kusi: kuanzia Aprili mwishoni hadi Septemba, kinasukuma kwenda kaskazini. Katikati ni tangambili.

Kila asubuhi nahodha anarusha dadu ya 6:
1: shwari, chombo hakiendi.
2–5: upepo wa msimu. Ukiufuata, zidisha mwendo wa hati kwa 2. Ukiupinga, gawa kwa 4.
6: upepo mkali. Ukiufuata, zidisha kwa 3 lakini nahodha afikishe 13 kwa ujuzi wa chombo, akishindwa tanga limechanika na siku iliyobaki ni nusu mwendo. Ukiupinga, rudi bandarini.

Wakati wa tangambili, 1–3 ni shwari na 4–6 upepo unatoka popote, msimamizi aamue kwa sarafu. Juni na Julai, 5 nayo ihesabiwe kali.

Kutoka Kilwa hadi Mikindani ni kama kilomita 160. Kwa kaskazi ni siku moja na kitu. Kwa kuupinga kusi ni zaidi ya siku 8, na hapo rudi kwa FrasilaMbili kwenye maji ya kunywa: mabaharia 8 kwa siku 8 ni frasila 32 za maji tupu. Shehena inapungua. Nahodha atasema tusubiri, na atakuwa na haki.

Mchezaji mmoja lazima ataleta ule uganga wa ngazi ya 2 wa kutoa upepo mkali kutoka mkononi. Unadumu dakika 1 na unahitaji umakini muda wote. Mruhusu aondoe chombo kwenye mwamba. Usimruhusu asafirie.

#14 FrasilaMbili

Hiyo ya kusubiri msimu nzuri sana. Sasa inatupeleka kwenye pumziko, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo meza nyingi za safari zinapoharibikia bila kujua kwa nini.

Toleo la tano limejengwa kwa kudhani kwamba kati ya pumziko refu na jingine kuna mapambano 6 hadi 8 ya wastani au magumu. Pumziko refu ni saa 8, fupi ni saa 1. Ndani ya pango au ngome hesabu hiyo inakaa sawa. Lakini safari ya Lindi hadi Mtwara kwa miguu, zaidi kidogo ya kilomita 100, kwa mwendo wa hati (maili 24 kwa siku, kilomita 39 hivi) ni siku 3. Tukio moja kwa siku, kila usiku wanalala saa 8. Mwanachuoni wa ngazi ya 5 ana nafasi 9 za uganga: 4 za ngazi ya kwanza, 3 za pili, 2 za tatu. Anajua kuna pambano moja tu leo. Atarusha mipira miwili ya moto, kila mmoja dadu 8 za 6, wastani 28, halafu kesho amejaa tena. Askari mwenye mapigo mawili kwa zamu anabaki kubeba mizigo.

Wasimamizi wengi wanajibu kwa kuongeza adui wakubwa. Hiyo inamuua askari, maana ndiye aliye mbele.

Dawa ni kuhamisha pumziko, si kuongeza adui. Usiku wa porini uhesabike pumziko fupi. Pumziko refu lipatikane mahali penye mambo matatu: paa, maji yasiyobebwa, na mtu mwingine wa kulinda, kwa usiku 2 mfululizo. Sasa siku 3 za njiani zimekuwa kama siku moja ya pangoni. Mwenye agano (warlock), ambaye uganga wake unarudi kwa pumziko fupi, anakuwa sawa. Askari anarudishiwa pumzi yake kila asubuhi.

Lakini ukigusa hapo, vitatu vinavunjika.

Kwanza, uganga wa kudumu saa 8, mfano deraya ya mwanachuoni (Kinga 13 na wepesi wake). Ulitosha siku nzima, sasa unatosha siku moja kati ya 3, na yeye hapati nafasi mpya. Tamka kwamba kila kinachodumu saa 8 kidumu hadi pumziko refu linalofuata au hadi mhusika aangushwe hadi 0.

Pili, chakula cha uganga. Kuna ule wa ngazi ya kwanza unaotoa matunda 10, kila tunda linamlisha mtu siku nzima. Ukiuacha, hesabu yote ya pishi na vibaba ni bure. Usiupige marufuku, mchezaji atanuna. Sema kwamba kile kitawi kinachohitajika kinateketea kila unapoufanya, na kitawi kinapatikana mahali maalumu tu. Na tunda halina maji.

Tatu ndiyo ya hatari: uchovu. Una ngazi 6, ya 6 ni kifo. Asiyepata hata nusu ya maji ya siku anapata ngazi 1, na kama alikuwa na uchovu tayari anapata 2. Kwa kawaida pumziko refu linaondoa ngazi 1. Wewe umeondoa pumziko refu porini. Hesabu: siku ya 1 ana 1, siku ya 2 ana 3, siku ya 3 ana 5 na mwendo wake ni 0, yaani hawezi hata kutambaa kwenda kisimani. Siku ya 4 amekufa. Mapambano hayajaanza.

Ongeza mstari mmoja: usiku wowote ambao mtu amekula na kunywa kiasi kamili, anaondoa ngazi 1 ya uchovu hata kama ni porini. Mstari huo ukikosekana, usitumie kanuni ya maji kabisa.

#15 MpingoMweusi

Kwa watu wa uwanda hili linakaa vizuri kuliko mlivyoandika. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito, mvua inazama ardhini, na kihistoria maji yalifuatwa chini ya ukingo. Chora ramani ya mchezo hivyo: vijiji juu, chemchemi chini, njia ya mteremko moja au mbili. Anayeshika njia ameshika kijiji. Huhitaji zimwi.

#16 Kisoda

Si waweke punda wabebe maji?

#17 FrasilaMbili

Punda wa hati anabeba ratili 420, frasila 12 kamili, na anakunywa nusu frasila yake kwa siku ya joto. Kwa watu 4 na siku 4, maji ya watu ni 8, ya punda 2. Inabaki 2. Kwa hiyo ndiyo, punda mmoja anaua kanuni yote ya mzigo.

Historia ina jibu: misafara ilitegemea wapagazi kwa sababu mbung'o waliua wanyama. Kwenye vichaka vya mbung'o, kila jioni rusha dadu ya 6 kwa kila mnyama. Ikija 1, ameugua: kuanzia kesho anabeba nusu, na baada ya siku 3 anaanguka. Njia za wazi na za pwani hazina adhabu hiyo. Sasa wana uamuzi: njia fupi bila punda au ndefu na punda.

#18 Kisoda

Na majoka? Majoka ya Ulaya yanachekesha kuyaweka Nachingwea.

#19 MpingoMweusi

Una mifupa ya dinosaria Tendaguru na unaulizia majoka? Wajerumani walichimba pale 1909 hadi 1913, wapagazi wakabeba hadi bandari ya Lindi, na mifupa ikaenda Berlin, ambako Giraffatitan amesimamishwa akiwa na kimo cha mita 13 na kitu. Chukua Kentrosaurus, mwenye miiba mgongoni na mkiani. Kwenye hati hayumo, ila Triceratops yumo. Mvike ngozi mpya, basi.

#20 Bi_Kete

"Mvike ngozi, basi" ndiyo inayoua watu. Triceratops ni adui wa kiwango cha ugumu cha 5: Kinga 13, pointi za uhai 95, pembe +9 kwa wastani wa 24. Ugumu wake hauko kwenye pembe pekee. Akikimbia futi 20 moja kwa moja na kukupiga, usipofikisha 13 kwa Nguvu unaanguka, na ukiwa chini anakukanyaga papo hapo, wastani 22. Zamu moja inaweza kuwa 46. Ukisema "huyu anapiga kwa mkia" ukaondoa mbio, umeondoa karibu nusu ya madhara, na wachezaji watamchezea.

Kentrosaurus alikuwa mdogo zaidi, kama mita 4 na nusu. Fanya hivi:
– Mshushe kutoka mkubwa mno hadi mkubwa. Dadu zake za uhai zinatoka za pande 12 kuwa za pande 10: dadu 10 za 10 na 30, wastani 85.
– Mkia ufike futi 10, +9, madhara yale yale ya pembe.
– Badala ya mbio: anayekaa nyuma yake au ubavuni akipigwa na mkia afikishe 13 kwa Nguvu au aanguke, na aliyeanguka anapigwa tena kwa wastani wa 22.
– Aliye mbele yake hapigwi na mkia. Mbele ana teke tu, wastani 22, bila kuangusha.

Udhaifu wa mbele ni wa makusudi: wachezaji wakigundua, wanashinda kwa akili. Msiwaambie. Waonesheni nyayo na majani yaliyokatwa nusu duara.

#21 Tangambili

Tukiwa hapo hapo: je, mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde? Kuna mtu kaniuliza kama lipiko linaweza kuwa adui.

#22 MpingoMweusi

Hapana. Mapiko ni ya jando na unyago, na meza yako inaweza kuwa na mtu ambaye ndugu yake anacheza. Ukiliwekea lipiko Kinga na pointi za uhai umeshalivua mbele ya watu. Kama unataka kiumbe wa sura ya kutisha, wachongaji wanazo sanamu za mashetani, zimechongwa kwa kuuzwa na kutazamwa: jicho moja, mdomo pembeni, mikono mitatu. Kutoka kwenye sanamu moja unapata viumbe kumi. Ngoma ya mapiko iwe tukio la kijiji: siku hiyo hakuna biashara, njia fulani hazipitiki. Inatosha.

Vivyo hivyo maji ya Kinjekitile wa Ngarambe. Mtu atataka chupa ya kuzuia risasi. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliua watu wengi mno kwenye mikoa hii kugeuzwa dawa ya pointi 10. Na kikanuni ni kibovu pia, kwa sababu kinga kamili dhidi ya silaha za mbali inafuta upinde wa kila adui uliyemuandaa.

#23 Kisoda

Nimeelewa. Swali la mwisho kwangu: meza yenyewe. Ramani na vinyago vya wahusika?

#24 Bi_Kete

Daftari la hesabu la miraba kwa ramani ya msimamizi. Kwa pambano, manila nyeupe yenye miraba ya sentimita 3, kwa sababu kisoda kina upana wa karibu hivyo. Mraba mmoja ni futi 5, mita 1 na nusu. Andika herufi ndani ya kisoda kwa kalamu ya wino mzito. Kilichofunuka ni mzima, kilichofunikwa ameanguka. Mkubwa kama huyo wa mkia anachukua miraba 4: kata kadibodi sentimita 6 kwa 6 na chora mshale wa kichwa chake, la sivyo mtabishana mbele ni wapi.

Kete za mkomwe kwenye bao zinafaa kwa nafasi za uganga: kila mganga na mashimo yake, anatoa kete akitumia. Majini wadogo wawe korosho, lakini zilizobanguliwa na kukaangwa. Ghafi ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi.

#25 Tangambili

Na fedha? Wengine wanataka kuondoa dhahabu kila mahali kwa sababu Kilwa ilifua sarafu za shaba.

#26 FrasilaMbili

Inawezekana, ila badilini pande zote. Hati: dhahabu 1 ni fedha 10 ni shaba 100. Ukishusha hazina wanazookota hadi fedha lakini ukaacha bei kwa dhahabu, deraya ya minyororo ya dhahabu 75 haitanunuliwa kamwe, na ule uganga wa kumrudisha aliyekufa sasa hivi unaotaka almasi ya dhahabu 300 umefutika. Ukishusha vyote, umebadili jina tu. Njia ya kati: silaha, deraya na uganga zisomwe kwa fedha badala ya dhahabu, hazina pia kwa fedha, na dhahabu ibaki kwa vitu vya mji tu: nyumba ya mawe, chombo, mahari, ushuru wa sultani. Bara hawapokei sarafu, wanataka kitambaa. Hesabu doti moja kuwa fedha 5, na doti 8 ni robo frasila, hivyo fedha yao ina uzito.

Hapo mtaona watu wanabishana wabebe maji au vitambaa.

#27 MpingoMweusi

Doti 8 kwa robo frasila ni kilo 4, nusu kilo kwa doti. Kwa merikani nzito weka doti 6.

#28 FrasilaMbili

Doti 6 kwa merikani, 8 kwa kaniki. Nimeweka.